Mpangaji Aliyeacha Mrithi

Nasani mwenye nyumba alikosea siku. Angekuja jana yake, pengine leo Émérance angekuwa analima maharagwe Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Lakini alikuja siku ya kuondoa matanga, tena akaja na kiu.

Nyumba yenyewe ni chumba na sebule tu, pale Biharwe kando ya barabara ya Masaka, bati limeshika kutu. Mama Angeline aliipanga alipotoka Nakivale, akauza ndagala, yaani dagaa, za kukaanga dirishani mpaka madereva wa malori wakawa wanamwita mama. Alipoanza kuugua, binti yake Émérance aliacha shamba akaja. Alimwogesha, akamlisha, akakaanga ndagala, akalipa kodi. Mama akamfia mikononi.

Sasa, Warundi hawa wana mambo yao. Kilio kikiingia, mali ya marehemu haitajwi mpaka matanga yaondolewe. Ukiitaja mapema utaambiwa ulikuwa unasubiri kifo. Basi Émérance akanyamaza. Nasani, Mnyankole wa watu, mwenyeji wa huku, akadhani binti anafunga virago. Akamwahidi nyumba mke wa askari mmoja.

Siku ikafika, ua ukajaa. Mtungi wa pombe ya ndizi katikati, mirija imesimama. Nasani akaingia bila hodi, kama kawaida yake, yule mke wa askari nyuma. Kabla hajafungua mdomo, Libère, mjomba wa Émérance, akampa mrija.

"Karibu Mzee, kunywa kwanza. Maneno hayakimbii."

Nani anakataa? Akanywa, akarudia, macho yakalegea.

Libère akasimama. "Marehemu ameacha kiti. Tangu leo Émérance ndiye anakikalia. Mwenye kupinga aseme sasa hivi."

Makofi! Na Nasani, masikini, akapiga kuliko wote. Kwao pia mrithi hupigiwa makofi. Mikono ilitangulia, akili ikabaki nyuma.

Aliposhtuka akaruka. "Ngoja! Kiti muchukue, sufuria muchukue. Nyumba ni yangu. Mimi nilipangisha mama, si wewe. Mama amekufa, maneno imekwisha."

Émérance aliogopa, asikudanganye mtu. Akipoteza dirisha lile hana pengine pa kuuzia wala pa kulala, ila arudi kwenye jembe Juru. Lakini matanga yalikuwa yameondolewa, na sasa ulimi wake ulikuwa huru.

"Mzee Nasani," akasema, "mama hakupanga kwako. Alipanga kwa marehemu baba yako."

"Ndiyo. Na sasa?"

"Baba yako alipokufa ulikuja hapa hapa dirishani. Ulimwambia mama nini?"

Nasani akaurudia mrija.

"Sema, Mzee, watu wasikie. Mama alituhadithia."

"Nilisema… kodi iendelee kama zamani. Mimi ni mutoto yake."

"Je, mama alikujibu kwamba baba amekufa, maneno yamekwisha?"

"Hapana."

"Alikupokea kama mrithi, akakufungia na ndagala. Mimi pia ni mtoto wake, Mzee. Kodi itaendelea kama zamani."

Weee! Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Wa kwanza kucheka alikuwa yule mke wa askari. "Mzee, mimi nitatafuta kwingine," akasema. "Hapa pana mwenyewe." Naye akachukua mrija, akakaa.

Nasani akatazama huku na huku. Mzee yule ni mbishi, lakini si mjinga, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imetoa ushahidi kwa makofi yale. "Sawa," akasema. "Lakini ndagala isikuwe na mchanga."

Émérance akakalia kiti cha mama yake, akalia machozi ya furaha bila haya, Libère akimpigia makofi upya.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ndani anawasha jiko la mkaa aliposikia mtu amesimama nje ya mlango, anasafisha koo. Alikuwa Nasani, ambaye tangu arithi nyumba ile hakuwahi kubisha hodi.

"Hodi," akasema. "Wenyewe mupo?"

"Tupo," Émérance akajibu. "Karibu."