Firigisi ya Kaka Yona

Harufu ya manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto hunirudisha mtaa wa Kikuyu, kwenye ua wetu pale Dodoma, na wivu wangu wote, wenzangu, hurudi mbichi kabisa.

Kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Baba alipofariki, mama akaanza kunipa mimi, kitindamimba wake, ingawa bibi alinung'unika kwamba mtoto wa kike hali firigisi. Niliitafuna taratibu, nikijiona mkuu wa nyumba. Raha iliyoje!

Basi akarudi kaka Yona kutoka chuo kikuu Dar. Wanafunzi walikuwa wameambiwa waanze kuchangia gharama za masomo, wakagoma, yeye akiwa mbele na kipaza sauti, chuo kikafungwa. Kumbe hukohuko alishaigiza kwenye filamu! Mtaa mzima ukahamia kwetu. Dada walionisuka nywele wakawa wananiuliza Yona anapenda kula nini. Mimi nilitamani chuo kifunguliwe kesho.

Filamu ilipoletwa kwenye banda la video, mama, ambaye hakuwahi kuingia humo, alijitanda khanga akaenda nami. Tukamwona Yona akiongoza maandamano, risasi ikalia, akaanguka na damu kifuani. Watu wakapiga makofi. Hata kufa kwake kulisifiwa. Roho iliniuma, jamani. Mama alinishika mkono tukatoka.

Kesho yake akachinja jogoo wetu wa pekee. Nilikaa karibu na sufuria tangu maji yanachemka. Mama akapakua, akaipita sahani yangu, akaweka firigisi kwenye ugali wa Yona. Nikasusa. Nikasema, wote wasikie, kwamba tangu aje huyu mcheza sinema mimi si mtoto tena.

"Wewe nitakupikia siku nyingi," mama alisema, bila kunigombeza. "Huyu chuo kikifunguliwa anarudi kulekule."

Yona alicheka, akala. Nami miaka mingi niliamini mama alimpendelea, kumbe yeye alikuwa ameshamwona mwanawe akifa pale kwenye banda la video.

Yona alimaliza chuo salama, leo ana kitambi. Lakini wiki iliyopita mwanangu alipigwa virungu kwenye mgomo chuoni kwao, akarudi nyumbani akichechemea. Nilikwenda kukamata jogoo. Nilipoweka firigisi kwenye sahani yake, mdogo wake wa kike alinikazia macho.