Pedali Zilizonilaza Mbele ya Mzee Guyo

Leo nimemposea kijana wangu nikiwa nimelala chini, baiskeli juu yangu!

Mnajua mimi ndiye simba wa baiskeli za milimani hapa Isiolo. Hata swara huniachia njia.

Sasa nimeweka pedali mpya, zile za kunasa kiatu. Mama Abdi akanionya, "Baba Abdi, baki na za kawaida. Hizo zinakufunga kama punda kwa mkokoteni."

Nikamcheka.

Nikateremka mtaa wa Wabera kama risasi. Mbele nikamwona nani? Mzee Guyo! Abdi wetu anataka kumwoa binti yake, na mzee amekataa kutupa jibu.

Mzee kama huyo humsalimii ukiwa mbioni. Nikasimama, nikampa mkono. "Asalaam aleikum, mzee."

Miguu ikakataa kutoka kwenye pedali.

Nikaanguka polepole kama mti, mkono wake bado nimeushika, mpaka paji la uso wangu likagusa kiatu chake.

Mzee akaniinamia.

"Wengine huniletea maneno," akasema. "Wewe umelala kabisa miguuni pangu! Leta wazee wako Jumamosi."

Nikajibu kutoka mchangani, "Hiyo ndiyo heshima ya kwetu, mzee."

Mama Abdi anataka nirudishe za kawaida. Nyinyi mnasemaje? Mimi nasema harusi ipite kwanza.