Mtoto wa Chumba cha Kharkiv

Mwezi uliopita nilishuka kwenye stoo ya chini ya jengo letu la zamani, kule Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, kumsaidia mama kuhama. Nyuma ya masanduku ya vitenge nikakuta kibodi ya kompyuta yetu ya kwanza. Juu ya kila herufi mama alikuwa amebandika kijikaratasi cha njano chenye herufi ya Kirusi. Vingine vilikuwa vimekwanguka kwa kuguswa sana. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, rafiki yangu, nikashindwa kuendelea na kazi.

Lazima nikueleze Kirusi kiliingiaje kwenye nyumba ya watu wa Lubumbashi. Mama alipokuwa msichana alipata bursi, yaani ufadhili, ya kusomea uuguzi Kharkiv, Ukraine, enzi za Wasovieti. Hostelini waliwekwa watatu chumba kimoja: mama, msichana wa kijiji kilicho jirani na Kharkiv, na msichana aliyetoka Voronezh, upande wa Urusi, ng'ambo ya mpaka ambao wakati ule haukuwa mpaka. Yule wa Kharkiv akapata mimba, na mwanamume akaingia mitini. Mtoto wa kiume alizaliwa katikati ya baridi, wakamlea watatu kwa zamu. Wa Voronezh ndiye aliyemwogesha kwenye beseni la bati. Mama alimfunga mgongoni kwa kitenge akapita naye kwenye theluji kwenda sokoni, watu wakigeuka kumtazama.

Baadaye mama alirudi Lubumbashi, akaolewa, na mimi nilipokuwa bado nanyonya tukaja Brussels. Wenzake aliwapoteza. Nchi waliyosomea ilivunjika, anwani zikabadilika, na maisha yana njia zake za kumlemea mtu.

Nilikuwa shule ya msingi wakati mwuguzi mwenzake wa hospitali, mama mmoja wa Moldova, alipomwambia kuna mtandao wa Warusi ambao jina lake maana yake ni watu waliosoma darasa moja. Alama yake ilikuwa ya rangi ya chungwa. Jumapili hiyo, baada ya misa, mama aliandika majina mawili kwa kidole kimoja. Nilikuwa jikoni nakoroga sombe, kisamvu cha kwetu. Sauti ya kibodi ikakoma, nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka kwenye vidole.

"Maman, sombe inaungua," nikamwambia.

"Acha iungue," akasema. "Kuya uone. Bale bantu bangu, beko wazima."

Tangu siku hiyo Jumapili zetu zilikuwa na watu wawili zaidi. Niliwaita Maman Kharkiv na Maman Voronezh, kama shangazi wa kwetu. Mimi nilipiga pasi sare za mama huku yeye akicheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, harufu ya samaki wa kukaanga ikiwa imetanda hadi kwenye mapazia. Walitumiana maua ya kuchorwa, vikombe vya chai vinavyofuka moshi, dubu wanaopiga makofi. Picha nzuri ilipewa alama kama shuleni kwao, ambako tano ndiyo ya juu kabisa, na iliyopendwa zaidi ilipewa tano na jumlisha. Baba alikuwa akipita anatikisa kichwa: "Wazee bamerudia kuwa batoto."

Picha iliyokuwa na tano nyingi kuliko zote ilikuwa kwenye ukurasa wa mama. Yeye mwenyewe, mwembamba, kwenye theluji, na nyuma ya shingo yake kichwa cha mtoto mzungu kinachochungulia kutoka kwenye kitenge. Nilimwonea wivu mtoto yule. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa mabomba, na ukurasa wake ulikuwa kwenye mtandao mwingine wa Kirusi, wa rangi ya buluu, uliokuwa wa vijana. Mama alimwomba anifundishe jinsi ya kufungua akaunti huko ili nami nimjue. Alinitumia nyimbo ambazo sikuzielewa, na, mama akinitafsiria, aliniita dada mdogo. Mama akisema juu yake hakusema mtoto wa rafiki yangu. Alisema "mutoto wetu".

Halafu vita vikaanza mashariki ya Ukraine, na mutoto wetu akaitwa jeshini.

Jumapili moja Maman Voronezh aliweka kwenye ukurasa wake bendera, na maneno ya kuwashangilia wale waliokuwa wanapigana upande wa pili, dhidi ya jeshi la mutoto wetu. Maman Kharkiv akamjibu. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kujua kwamba hayakuwa mazungumzo, ingawa sikujua kusoma Kirusi. Maneno yalishuka kwenye kioo kama mvua ya mawe. Mama aliandika alasiri nzima. Aliwaambia habari za Lubumbashi, jinsi majirani waliokula chungu kimoja walivyoamka siku moja wakawafukuza majirani wao wenye asili ya mkoa wa Kasai, na yeye, mwuguzi kijana, akaenda stesheni kuhudumia familia zilizolala chini zikingojea treni. Aliwaambia hakuna aliyeshinda.

Maman Kharkiv akamjibu: wewe ni mgeni, haya si yako. Na Maman Voronezh, siku mbili baadaye, akamwandikia karibu maneno yaleyale. Mwaka ule hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana.

Mutoto wetu aliuawa majira ya baridi. Tulijua kwa sababu mama yake aliandika chini ya ile picha ya theluji jina la mwanawe tu, na nukta.

Mama alivua hereni. Akawapigia simu wamama wa jumuiya yetu ya kanisa, na Jumamosi walikuja na bukari, ugali wetu, na chai, wakaondoa viti, wakakaa chini sebuleni. Mmoja wao, mzee kuliko wote, akauliza kwa upole:

"Maman, ni kilio ya nani?"

"Ya mutoto wetu."

"Alikuwa mutoto wa dada yako?"

"Miye nilimubeba ku mugongo," mama akasema.

Yule mzee akaanzisha wimbo. Waliimba mpaka jirani wa chini akapanda, na alipoona ni msiba akavua kofia akashuka.

Maman Kharkiv hakuandika tena. Maman Voronezh naye hakuandika, lakini mtandao ule ulikuonyesha nani amepita kwenye ukurasa wako, na uso wake ulikuwa pale kila mara mama alipofungua. Alikuwa anakuja, anatazama, anaondoka. Mama alikuwa akimsubiri. "Ataongea," alisema. "Namujua."

Miaka ikapita. Kisha serikali ya Ukraine ikaifunga nchini mwake mitandao ya Kirusi, ya chungwa na ya buluu. Ukurasa wa Maman Kharkiv ulibaki kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Namba yake ya simu hatukuwa nayo. Nani huomba namba ya mtu anayemwona kila Jumapili? Mama alimtafuta kwenye mitandao mingine, lakini wanawake wenye jina lile walikuwa wengi kama mchanga.

Na baada ya hapo ndipo Maman Voronezh alipoandika. Aliandika chini ya picha ya theluji, na hakumwandikia mama, alimwandikia Maman Kharkiv. Mama alinisomea akitafsiri polepole: Mikono hii ilimwogesha mwanao, nami nikawashangilia waliomuua. Nisamehe.

Mama alivuta kibodi karibu. Kisha akaandika kwa kidole kimoja: Mwenzetu hayuko hapa tena. Niko mimi tu.

Mitandao ile ingalipo, naambiwa watu bado wanatumiana dubu na maua. Lakini chumba kile cha watatu kilifunguka mara ya pili sebuleni mwetu Brussels, kikafungwa mbele ya macho yangu. Ombi lile la msamaha limesomwa na mtu mmoja, naye hakuwa na haki ya kulijibu.