Bei Kwanza, Ndipo Jicho

Siku ya kumpeleka mama kliniki ya macho pale Gisimenti, alivaa mshanana, vazi letu la harusi, na viatu vya kanisani. Kwetu mtu haendi kwa daktari kama anakwenda shamba. Akionekana maskini, ataketi benchini mpaka jioni. Basi keshia akatutazama, akaona matajiri. "Wekeni amana," akasema. "Hesabu mtaipata baada ya upasuaji."

Weee! Baada ya upasuaji? Mama alikuwa ndiyo kwanza amehamia kwangu kutoka Bujumbura, bima hana. Jicho moja lilishafunikwa na mtoto wa jicho, la pili lilikuwa linafuata. Nami akiba yangu ilikuwa ndogo, na cha kuuza nilikuwa nacho kimoja tu, cherehani yangu, na ndiyo iliyotulisha. Jirani yangu wa Kagarama alitibiwa hivyo hivyo, bei baadaye. Alipona, kiwanja kikaenda.

"Dada," nikasema, "mimi ni fundi nguo. Sikati kitambaa cha mtu kabla hajajua bei. Wewe utamkataje mama yangu jicho?"

Mama akanifinya. "Nyamaza, mwanangu! Daktari haulizwi bei. Unanitia aibu."

"Aibu ni kuuza cherehani, Mama." Nikaketi, nikasema sitoi hata faranga moja na mama haingii ndani. Keshia akasonya. Nilijua wakitufukuza, jicho la mama ndilo litakalolipia ubishi wangu. Lakini mzee mmoja nyuma yetu akadakia, "Hata mimi nitajieni ya kwangu!" Benchi zima likaanza kuguna.

Daktari akatoka kuuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Ana haki," akamwambia keshia. "Mgonjwa ajue kabla." Akatuandikia yote: upasuaji, dawa, kurudi kukaguliwa. Kumbe lenzi za kuwekwa jichoni zilikuwa za aina mbili, na keshia alishatupangia ile ya ghali kwa sababu ya mshanana! Ya kawaida, daktari akasema, itamfaa vizuri tu. Akiba yangu ilitosha. Nilitamani kupiga vigelegele mle mle ndani.

Mama akapasuliwa siku ile ile. Kesho yake alirudi na mshanana ule ule, wakamfungua bandeji. Akapepesa, akanitazama, kisha akainamia pindo nililomshonea mwenyewe.

"Fundi gani wewe? Mshono umepinda!"

Nikacheka huku machozi yakinitoka. "Tukifika nyumbani nitakushonea upya, Mama. Cherehani ipo."

Akaninyooshea kidole mbele ya keshia. "Bei kwanza."