Kona ya Marehemu

Mume wangu ni mzima. Anakula, anakoroma, anabishana na redio. Lakini nenda kwenye uwanja wa mbio za magari, anakofanya kazi ya kufunga matairi, utaambiwa alishakufa zamani na utaonyeshwa kona aliyofia.

Njia yenyewe ina hila. Inaanza kwa kunyooka mbele ya jukwaa, hadi kichwa kinamvimba dereva. Inakata kulia na kupanda, kisha inajipindapinda kama utumbo hadi juu ya kilima. Hapo inateremka, na chini kuna kona pana inayokukaribisha vizuri tu, ukishaingia ndipo inabana. Ndiyo iliyomtupa mume wangu enzi zake za udereva. Gari likabiringika, akavunjika mguu. Mtangazaji, kwa kiherehere chake, akatangaza kwamba ametutoka. Jukwaa zima likasimama kimya. Wakati huo marehemu alikuwa hospitali anadai chai.

Nilidhani watasahihisha. Thubutu! Tangu siku hiyo ikawa Kona ya Marehemu. Kila mbio kipaza sauti kinapayuka, "Anaingia kwa Marehemu!" na mwenyewe yuko chini ya gari, anasikia. Mimi sokoni naitwa mjane. Jirani mmoja alinijia na methali: "Shoga, lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nilimtukana, na sijutii.

Mwaka huu wakaanza kujenga kibao cha zege penye kona. Hapo yakamfika shingoni, maana zege halifutiki. Tukaenda kwa meneja.

"Bosi, andikeni jina langu tu," akasema mume wangu. "Hilo neno litoeni. Niko hai."

"Fundi, tunajua uko hai. Ila wageni wanakuja kuona kona iliyoua mtu. Wewe ukiwa mzima, ile ni kona tu."

"Kwa hiyo afe ili nyinyi mpate wageni?" nikamuuliza.

"Mama, ni jina tu hilo."

Jina tu! Angeitwa yeye marehemu, mkewe angenyamaza?

Siku ya uzinduzi tulikwenda wote wawili, mume wangu kavaa suti, ili watu wamwone kwa macho yao. Kitambaa kikavutwa. Neno liko palepale, kwa herufi nyekundu. Mume wangu akachechemea hadi mbele, akasimama akiliziba. "Jamani, marehemu ndiye mimi!" Watu wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni mchekeshaji aliyekodiwa.

Nikamfuata, nikamshika mkono. Mtu akanitambua, akanong'ona kitu, na mpiga picha akaja mbio, kainamisha kichwa kwa heshima.

"Pole sana, mama," akaniambia. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mzee, sogea kidogo, tumpige mjane picha."

Na yeye, anayebishana hata na redio, akasogea.