Krimu au Biskuti: Fundi Tecla Hakubali Kupangiwa

Saa mbili asubuhi ukungu bado umekalia chai hapa karibu na Kapkatet, na Tecla Chepkosgei yuko juu ya ngazi, anabishana.

Amepaka ukuta wa sebule viraka viwili, krimu na rangi ya biskuti. Mwenye nyumba, Mzee Kimeli, anataka krimu. Jumamosi wageni wanakuja kumposa binti yake, na krimu ndiyo aliyoiona kwenye nyumba za wakubwa wa mashamba.

Kusema kweli, mwandishi anaona rangi moja tu.

“Ngojeni ukungu uinuke,” anasema Tecla.

Unapoinuka, mwanga unaingia kutoka shambani na krimu inageuka, inakuwa kijani hafifu.

“Mzee, dirisha lako linatazama chai. Hii krimu itakaa kama mtu mgonjwa. Biskuti inabaki na joto.”

“Paka krimu, mama, ama nimuite Mokaya.” Mokaya ni fundi mwingine wa hapa sokoni.

“Muite. Mimi siharibu nyumba nikiona.” Tecla anashuka, anafunika makopo.

Kibarua hiki anakihitaji sana. Tangu 1993 amekuwa akipewa mageti na vyoo tu. Hii ndiyo sebule yake ya kwanza. Akifukuzwa, soko zima litasema mwanamke ameshindwa.

“Eti rangi ni kazi ya wanaume,” anasema kwa hasira. “Wee! Nyumba za udongo nani alikuwa anakandika? Mama alinituma mtoni nichague udongo, na hakuna mwanaume aliyeuliza. Rangi ilipoanza kuuzwa dukani, ghafla ukuta ukawa wao.”

Janeffer, mke wa Kimeli, anatoka jikoni, mikono imejaa unga. Anatazama viraka kwa muda.

“Baba Judy, ile nyumba ya zamani niliikandika mimi miaka yote, na hukulalamika. Hata hii nachagua mimi. Tecla, panda ngazi.”

Mzee anaguna, anatoka kuangalia ng'ombe. Tecla anafungua kopo la biskuti.

Mwaka ujao anataka kukodi chumba sokoni na kuandika kibao. Seremala jirani amemshauri atumie jina la mume wake, eti wateja wasiogope.

“Mume wangu anachuma chai, hajui kushika brashi,” anasema bila kugeuka. “Nitaandika Tecla Chepkosgei, Fundi wa Rangi, herufi kubwa zionekane kutoka barabarani. Anayeogopa apite.”