Kibuyu cha Mke wa Kocha

Kocha wetu wa Kapsoya hufuata wakimbiaji wake na baiskeli, chupa za maji zikigongana kwa kreti. Kila chupa lazima aionje kwanza, macho amefunga, kama mtu ananunua maziwa. Asubuhi moja mkewe alisimama barabarani na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, anataka mkimbiaji Chelagat anywe, maana kesho yake msichana alikuwa anatafuta nafasi kwa timu ya kaunti.

Kocha akamwambia mkewe, “Mama Jerono, hii ni ya kushangilia mshindi, sio ya kukimbia. Itamharibu tumbo.”

“Kwani mursik yangu iko na shida?”

Kocha alimwangalia bibi, akawaza chakula cha jioni, akainywa yote mwenyewe akisifu. Huko mbele juu ya mlima, Chelagat aliyekuwa ametangulia akasimama na kiu, akamngoja kocha anayesukuma baiskeli polepole, mkono mmoja kwa tumbo.